Msinipake Mafuta Mikononi

Acha, mke wangu, acha hayo mafuta, rudisha kopo mahali pake. Mikono yangu iacheni kavu hivi hivi, leo asubuhi msinipake kitu chochote mikononi hata kama ngozi inapasuka. Njooni wote karibu na kitanda. Na wewe mwanangu mkubwa, unayezungusha funguo za gari hapo mlangoni kama mtu aliyechelewa harusi, ingia ndani, kaa juu ya hilo sanduku ulilonifungia nguo zangu bila kuniuliza, likalie vizuri, maana ninachotaka kusema nitakisema mara moja na pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudiarudia. Hebu fungueni dirisha kwanza. Basi, fungeni, vumbi linaingia. Hapana, liacheni wazi kidogo. Saa ngapi sasa? Ofisi bado hawajafungua? Vizuri. Wanangu, hiki ndicho chumba nilichowalelea, na haya ndiyo maneno ninayowaachia, na anayetaka kulia alie taratibu asinikatize.

Nimewasikia jana mkinong'onezana jikoni. Mnadhani mgonjwa wa kifua ni mgonjwa wa masikio? Nimesikia kwamba tiketi imeshakatwa, ndege inaondoka leo mchana, na baba yenu mdogo kule nyumbani ameshaambiwa akusanye watu wa kunipokea. Nimesikia daktari amesema kama ni kunisafirisha basi ni leo, wiki ijayo sitaweza hata kukaa kwenye kiti. Na nimekusikia wewe, mwanangu mkubwa, ukimwambia mama yako, "Mzee akapumzike kwao, tusimtese tena na ile mashine, vidole vyenyewe havisomi." Sijakasirika. Uongo, nimekasirika, nimekasirika sana, nilitamani niinuke nikuchape kama zamani, lakini najua umesema kwa mapenzi na umenikatia tiketi kwa mapenzi. Sasa nisikilize na mimi. Siendi uwanja wa ndege. Leo ndiyo siku tuliyopewa pale ofisi ya uhamiaji, na mimi nakwenda kuweka vidole kwenye mashine yao ya kusoma alama, kama ni kubebwa nibebwe, kama ni kuburutwa kwenye shuka niburutwe.

Wewe una kibali chako. Umekipata kwa kazi yako ya kusambaza mikate, kina jina lako, mimi nikifa leo wewe kesho unaamka na kibali chako mfukoni na mikate yako kwenye gari. Lakini mama yako na huyu mdogo wako, kitinda mimba wangu, wameandikwa chini ya jina langu. Wategemezi, ndivyo wanavyoitwa, neno lenyewe mama yenu halipendi, yeye aliyeshona mapazia ya mtaa huu mzima na kunilisha miezi yote niliyolala hapa. Mimi nikikata roho kabla sijaweka vidole, vibali vyao vinakata roho pamoja nami. Mtanizika, watu watakula, watatawanyika, halafu atakuja mtu mstaarabu kabisa na shati lililopigwa pasi awaambie wafungashe. Waende wapi? Huyu binti amezaliwa hapa hapa, nyuma ya soko, nikadhani kuzaliwa kunatosha, kumbe mtoto hapa hufuata karatasi ya mzazi. Lugha ya hapa anaiota usingizini. Ya kwetu anaizungumza kama mtu anayetafuna changarawe. Usinune, binti, ndivyo unavyozungumza, na mimi ndivyo ninavyokupenda.

Na sheria yao si mbaya, nataka mjue hilo, sikuja hapa mwisho wa maisha yangu kuitukana nchi iliyonipa kazi. Sheria inasema mtu aliyekaa miaka yake yote kwa kibali, akafanya kazi, asiwe na kesi, anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu, na akiomba anawaombea na wale anaoishi nao chini ya paa moja. Wakikubaliwa, kila mmoja anapata wa kwake, kwa jina lake, na huo haufi na mtu mwingine. Sisi kila kitu tumeshapeleka. Kilichobaki ni vidole vyangu tu. Huyu binti alimuuliza yule mama wa dirishani pale uhamiaji mbele yangu, neno kwa neno: baba akishaweka vidole, halafu Mungu akamchukua, itakuwaje? Akajibiwa kwamba vidole vikishaingia kwenye mashine ombi limetimia, litaamuliwa kama lilivyokuwa siku hiyo, hata kama mwenyewe hayupo. Na akitoka nje ya nchi kabla ya hapo? Ombi limejifuta. Sasa unaona, mwanangu, ile ndege yako ingefanya nini? Ingenipeleka mimi kwetu na hawa wawili wangenifuata kwa kufukuzwa.

Nipandishieni mto. Siyo hivyo, juu zaidi. Hapo.

Kazi iliyonila vidole mnaijua. Nimesugua sakafu za watu tangu sijaota ndevu. Unamwaga saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, inakauka, kisha unaisugua kwa maji, kwanza kwa jiwe linalokwaruza, halafu laini, halafu laini zaidi, mpaka vile vipande vinachomoza vinang'aa na mtu anauona uso wake chini ya miguu yake. Mashine inafanya kazi katikati ya chumba. Lakini pembeni mwa kuta, chini ya ngazi, nyuma ya milango, huko ni mkono, na kujua kama pamelainika lazima upapase kwa ncha za vidole. Maji ya saruji hayaumi. Yanakula ngozi kidogo kidogo, unakuja kushtuka siku unatia mkono mfukoni hujui umeshika sarafu au kifungo. Ile benki ya njia panda ni mimi. Korido nzima ya hospitali nilikolazwa ni mimi, ndiyo maana niliwafokea wauguzi wasiburute vitanda, wakadhani homa imenipanda kichwani. Ukumbi wa shule aliyosoma huyu binti ni mimi. Vidole vyangu vimelala huko chini na watu wanapita juu yavyo kila siku na viatu. Halafu naambiwa, lete vidole tukutambue. Loo! Si mkavitafute huko benki.

Mara ya kwanza tulipoitwa, mama yenu alinipaka mafuta mikono yote mpaka kwenye viwiko, eti nisionekane mtu wa ovyo mbele ya wakubwa. Nikanukia kama bwana harusi. Nikaweka kidole kwenye kioo cha mashine, kikateleza, taa nyekundu ikawaka, na yule mama wa dirishani akafuta kioo chake akasema, "Rudi." Siku hiyo hiyo nikambatiza jina, Mama Rudi. Mara ya pili ndiyo ile mliyonicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Nilikaa nikawaza, ngozi yangu ina magamba, mashine inataka kitu safi, fundi mzima nashindwaje na kidole? Nikachukua msasa wangu wa maji, ule wa kumalizia, nikainama pale kwenye beseni nikasugua kidole kimoja baada ya kingine kama ninavyosugua kona za benki. Jamani, viling'aa! Vilikuwa vizuri kama shanga. Na kale kamstari kamoja nilikokuwa bado ninako kakaenda na maji. Mama Rudi akatazama kioo, akanitazama mimi, akavitazama vidole, akauliza, "Mzee, umevifanya nini?" Nikamjibu kwa fahari, "Nimevipiga msasa." Yule mama kucheka hajui, lakini siku ile aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta kalamu. Cheka na wewe, mke wangu. Ndiyo, cheka, nimeikosa sana hiyo sauti. Ngojeni nikohoe.

Maji. Asante.

Mara ya tatu akanionea huruma. Akaniambia, mzee, pumzisha mikono, miezi kadhaa usiguse saruji wala maji ya kazi, mistari itaota tena yenyewe, ngozi ni kitu hai. Akasema ipo pia njia ya watu wasio na vidole kabisa, lakini hiyo inapita kwa madaktari na wakubwa wengi na inachukua muda mrefu. Nikatoka pale nacheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Nipumzishe mikono? Kibali changu kinasema nipo hapa kwa ajili ya kazi. Nikifanya kazi vidole vinafutika, nikiacha kazi kibali kinafutika. Nikarudi kwenye saruji. Nilikuwa nageuza mkono usiku natazama hivi vidole vitupu, namtazama mama yenu amelala, kama mtu aliyemwibia kitu. Niliogopa, wanangu. Baba yenu ni mtu wa kelele lakini niliogopa sana.

Mpaka vumbi la mawe likaniangusha lenyewe. Likaingia kifuani likakaa, na mimi nikalala hapa. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Pimamaji kwa sababu hawezi kuona kitu kimepinda akanyamaza, hakuniondoa kazini, ameniandika mgonjwa waziwazi kwa utaratibu wote, kibali kikabaki hai, na nikiondoka lile pimamaji langu la mbao mpelekeeni yeye, amelitamani tangu tukiwa vijana. Basi nimelala, nakohoa, natazama dari, mikono iko juu ya shuka haina la kufanya. Na juzi huyu binti amenipa maji kwenye glasi, nimekunywa, ameichukua kwenda kuiosha, kasimama pale dirishani kainyanyua kwenye mwanga kama yale meno ya bandia anayochonga chuoni. Halafu akapiga kelele, "Baba! Una mistari!" Nikadhani ameniona na upele. Akaniletea glasi mbele ya macho. Kidole gumba changu kilikuwa pale kwenye kioo, chote, kina mizunguko yake imejipanga vizuri, sijakiona hivyo tangu ujana. Tulishikana mikono tukalia, yeye na mimi, tena kwa sauti. Ugonjwa unaoniua umenirudishia vidole. Wewe mwanangu hukuwepo, ulikuwa na mikate yako, ulipoambiwa ukasema mdogo wako anaona anachotaka kuona. Haya, lete mkono wako. Shika hapa. Papasa. Si unahisi? Papasa tena, usinionee haya, mimi ni baba yako.

Basi. Umehisi. Naona kidevu chako kinacheza kama ulivyokuwa mdogo.

Sasa kuhusu kwetu, na kuhusu baba yenu mdogo, maana najua umemuahidi na unaogopa lawama zake. Nataka kwenda nyumbani. Msidhani sitaki. Nataka sana, nataka mpaka inaniuma kuliko kifua, nataka nilale mahali ambapo kila anayepita mlangoni ananijua tangu nikitambaa. Lakini mara ya mwisho nilipokwenda, mnakumbuka nilirudi kabla ya siku zangu na sikuwaambia sababu. Nilifika kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, sakafu nimeisugua mwenyewe kwa likizo zangu, nikamkuta mdogo wangu amekaa na marafiki zake. Akainuka, akanikumbatia, akawaambia, "Huyu ndiye mgeni wetu." Mgeni! Nikatandikiwa sebuleni. Na kabla sijavua viatu mkewe akaniuliza, shemeji, umekuja kukaa siku ngapi? Nilivumilia nikacheka nao, lakini neno lile lilinikaa kooni, na kwa muda mrefu simu zake nilikuwa natazama jina lake linawaka mpaka linazima. Nilisema moyoni, huku naulizwa tarehe ya kuondoka na watu wa dirishani, na kule naulizwa na shemeji yangu. Sasa mimi naishi wapi?

Nimechoka kulibeba hilo neno. Mwambieni nimelitua. Nyumba ile namwachia yeye, awe nayo kabisa, msigombane naye hata kwa tofali moja. Sharti langu ni hili tu. Kile chumba cha nyuma chenye dirisha la kijani ni cha mama yenu, siku yoyote atakayotaka kwenda, aende, akae anavyopenda, na asitokee mtu wa kumuuliza atakaa siku ngapi. Akitaka kukaa wiki, sawa. Akitaka kuzeekea mle, sawa. Na huyu binti vivyo hivyo. Mwambieni hivyo hivyo kama ninavyosema, wewe mwanangu mkubwa umwambie, tena kwa mdomo, siyo kwa ujumbe wa simu.

Na mimi nizikeni hapa. Usitikise kichwa. Nizikeni hapa hapa, pale juu makaburini penye ukuta mfupi, karibu na njia ili mama yenu asihangaike na miguu yake. Miaka yote nimekuwa nakwenda kuongeza muda, kuongeza muda, na pale juu bado sijasikia mtu akiambiwa muda wake umekwisha. Lakini msiniwekee sakafu ya kung'aa juu. Udongo unatosha, nimezichoka.

Saa ngapi? Haya basi, inatosha, niinueni. Binti, shika upande huu, wewe mkubwa upande huo. Sanduku liacheni. Msinishike vidole, nishikeni kwapani. Taratibu ngazini. Ngazi hii mbovu, niliwaambia watu wa jengo hili, hatua ya kati imebonyea, mvua ikinyesha mtu atavunjika kiuno, mkae mkumbuke. Ah! Ngojeni kidogo. Nipumue. Haya. Mke wangu umefunga mlango? Umezima jiko? Rudi uangalie. Hapana, usirudi, twende.

Loo, mikate yako inanukia vizuri humu garini, mwanangu. Nilazeni hapa katikati ya makreti, hapa hapa, pazuri. Mama yenu akae mbele, kichefuchefu cha gari anakijua mwenyewe. Binti, kaa na mimi huku nyuma. Endesha. Usikimbize, lakini usichelewe pia.

Niseme nikiwa na sauti. Vikitoka vibali vyenu, mke wangu, na wewe binti, na vitatoka, msije mkavisahau kabatini mkajiona mmefika. Kila nchi ina masharti ya mtu aliyetoka kwingine, na masharti hayo yasomeni wenyewe, msisomewe na mtu wa kijiweni. Mkihama nyumba nendeni mkaseme, msingoje waje wawaulize. Jina lako usimwazime mtu akafanyie kazi, hata awe ndugu, hata alie. Dirishani pale usidanganye hata jambo dogo, maana uongo mdogo wanauweka wanautunza, siku unataka kitu kikubwa wanautoa. Wala usijikunyate pale. Simama wima, sema umekuja kwa haki yako. Na binti, wewe utaolewa, utapata nyumba yako, nayo itakuwa na kitanda cha ziada au haitakuwa nacho, lakini mtu akigonga mlango wako na begi, mpe maji, mpe pa kulala, na swali la siku ngapi limeze. Limeze kabisa. Mimi limenikondesha zaidi ya kazi.

Mawe yangu madogo ya kusugulia, yale ya mwisho, ni yako wewe, binti. Yatakufaa kwa meno yako ya chuoni. Nguo zangu pelekeni kwa vijana wa kazini. Mwanangu mkubwa, saa yangu ni yako, najua umeitolea macho tangu ukiwa darasa la pili.

Mbona tunapunguza mwendo? Tumefika njia panda ya benki? Ndiyo, nasikia magari mengi. Kushoto ni uwanja wa ndege, kulia ni ofisi. Nasikia taa yako ya kukunja kona inagonga, tik, tik, tik. Mimi huku nyuma nimezungukwa na mikate, sioni kitu. Mwanangu. Umewasha ya upande gani? Mke wangu, amewasha ya upande gani? Mwanangu, sikulazimishi, huna baba mwingine wa kumzika na mimi najua ulitaka kunifanyia heshima, lakini mama yako huyo amekaa hapo pembeni yako, mtazame. Mtazame tu, halafu ukate unakotaka.

Ah. Mwili wangu umelalia kushoto. Basi gari limekata kulia.

Asante, mwanangu. Asante, baba. Usilie ukiendesha, utatugonga.

Tumefika? Nipeni... ngoja. Nibebeni hivyo hivyo. Watu wengi leo. Samahani jamani, samahani, mgonjwa anapita. Niwekeni kwenye hicho kiti cha ukutani. Hii sakafu... hii siyo yangu. Tazama pale kwenye pembe, mtu kaacha mawimbi, hakupapasa. Namshukuru Mungu siyo yangu. Binti, umechukua namba? Lini wataita? Mke wangu, mikono yangu iko kavu? Usiifute. Iache. Njoo tu ukae hapa, bega lako niweke kichwa.

Sauti inanikimbia. Inameni. Nawapa radhi yangu, wote, bila kinyongo. Mwanangu mkubwa, kwa kukata kulia, Mungu akunyooshee kila njia utakayoshika. Binti, kila unachokigusa kilainike mkononi mwako. Mke wangu... wewe sikubariki, wewe ndiye uliyenibariki. Popote mtakapokuwa, mwenye mahali asiwaonee, na nyinyi msimwonee aliyewakuta wala atakayewafuata. Kaeni. Kaeni tu. Watu wangu, kaeni bila kuhesabu.

Ni sisi? Wametuita? Niinueni.

Habari yako, Mama Rudi. Umekuwa mwembamba. Mimi? Mimi nimenenepa vidole. Vidole tu. Haya, mkono wa kulia. Binti, nisaidie kuunyanyua, umekuwa mzito. Hivi? Vyote vinne... Taa gani? Kijani? Unanidanganya. Kijani kweli! Mkono wa kushoto. Pole pole... Kijani. Mnaona? Unaona, mwanangu? Sasa gumba. La kulia limekubali. La kushoto... nyekundu. Kwa nini nyekundu? Mistari ipo, huyu binti ameiona kwenye glasi. Jaribu tena. Siwezi kubonyeza... nguvu imekwisha. Hapana, Mama Rudi, usiseme. Usiseme hilo neno lako, nakuomba. Ngoja kidogo. Mke wangu, njoo. Njoo huku mbele. Weka gumba lako juu ya langu. Bonyeza na wewe. Bonyeza... kwa nguvu, hainiumi. Usiachie...

Nini? Ni taa gani? Macho yangu hayaoni... Kijani? Semeni wote. Na yeye amesema nini? Amesema nini yule mama? Hakusema rudi?

Amesema nendeni nyumbani mkapumzike.

Haya. Haya, twende nyumbani. Pale petu, juu, ile ngazi mbovu... Mke wangu, unalo lile kopo? Nilijua ungelibeba kwenye mkoba. Lifungue.

Mikono imekauka sana. Sasa nipake mafuta.